Mama Pamba Anachagua Mashine ya Msasa

Mafundi wa karakana ile walipenda kusema kwamba mwanamke yule akikupitishia kiganja mgongoni, atakwambia jana ulilalia godoro gani. Jina lake halisi walikuwa wamelisahau siku nyingi. Walimwita Mama Pamba, kwa sababu mfuko wa aproni yake haukukosa donge la pamba nyeupe, na donge hilo ndilo lililokuwa hakimu wa karakana nzima. Meza ikishapigwa msasa, au kiti, au mlango wa kabati, yeye hulichukua donge lake akaliburuza juu ya mbao polepole, kwenye kona, chini ya ukingo, mahali ambapo hakuna mteja atakayeinama kupaona. Pamba ikiacha hata unyuzi mmoja umenasa, kazi inarudi. Hana maneno mengi. Ananyoosha kidole pale ulipo unyuzi, basi, anaondoka.

Mwenye karakana alikuwa mumewe, mwanamume mrefu asiyekosa penseli sikioni. Huyo wateja walimbatiza Fundi Dakika, maana kila aliyekuja kuuliza kazi yake aliambiwa imebaki dakika tu, hata kama miguu ya kiti ilikuwa bado gogo. Kupima, kukata, kuranda na kuunga vilikuwa vyake. Kulainisha kulikuwa kwa mkewe. Mama Pamba alikuwa amejifunza kwa mjomba wake, seremala wa zamani aliyemlea, ambaye alimchukua alipomaliza darasa la saba akamkalisha miaka minane mbele ya mbao na kibao cha msasa. Somo la mjomba lilikuwa moja tu: gandamiza. Bega lishuke, kiwiko kishuke, uzito wote uingie kwenye kiganja.

Na miaka yote hiyo mbao zilikuwa bado zinamshangaza. Ubao ukitoka kwenye msumeno unakuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini, umevimba, haueleweki. Unausugua kwa msasa namba themanini, hauoni kitu. Unausugua namba mia na ishirini, bado. Kisha, ukifika msasa laini kabisa na kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, inatokea mistari iliyolala humo ndani tangu mti ulipokuwa mche: huku mstari mpana wa mwaka wa mvua nyingi, huku mwembamba wa mwaka wa kiangazi. Mama Pamba hukaa anaitazama kama mtu anayesoma barua ambayo haikuandikwa kwa ajili yake. Hakuna jicho lililowahi kuiona kabla ya lake.

Mwaka ule walipata kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Hospitali ya mjini iliagiza vitanda ishirini na vinne vya wadi ya watoto, vya mbao ngumu, zile zinazokunja misumari. Kila kitanda kilikuwa na fito thelathini, na kila ufito una pande nne na kona nne. Mama Pamba alijua zitakavyotumika. Mtoto anayeota meno hashiki ufito kwa mkono tu, anautafuna.

Walipomaliza kitanda cha sita, kidole chake kidogo kikaanza kufa ganzi asubuhi. Kikafuata cha pete.  Kikombe kikamponyoka, akasema ni sabuni. Fundi Dakika alipoona kasi imepungua, akaazima mashine ya msasa kwa jirani, kitu kizee kilichokuwa kikiruka juu ya mbao kama maharage kwenye kikaango, akamwambia leo apumzike kusugua kwa mkono. Mama Pamba alifanya kazi nayo tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Saa kumi akamwogesha mtoto. Binti yao alikuwa na miezi minne. Alichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye beseni, akatia mkono kama alivyofanya kila siku, akasikia kwamba ni maji, hakusikia zaidi ya hapo. Akamtumbukiza mguu mmoja.

Ule ukelele ulimtoa Fundi Dakika kwenye benchi lake mbio, randa ikiwa bado mkononi. Alitia kidole kwenye beseni akakitoa upesi.  Akayabeba maji akaenda kuyamwaga nje.

Mguu ulikuwa mwekundu, na kufikia jioni wekundu ulikuwa umekwisha. Kwa mtoto ulikwisha. Mama yake, tangu siku hiyo, alipima maji kwa kiwiko, na kila alipofanya hivyo alijiona kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata mumewe. Alipompapasa mtoto shavuni, alijua amemgusa kwa sababu alikuwa anatazama. Akifumba macho, shavu lilikuwa halipo.

Muuguzi wa zahanati alimfumbisha macho akamgusa ncha za vidole kwa kijiti, mara kumi, akimwuliza kila mara ni kidole gani. Alipatia mara nne. Muuguzi akaishika ile mikono miwili akaiweka juu ya meza kama vitu vya thamani vilivyookotwa barabarani.

“Mishipa ya fahamu imechoka, dada. Haijafa,” alisema. “Ukiipumzisha itarudi. Ukiendelea kuitesa hivi, itafika siku havitakwambia kitu tena, hivi vidole, na hapo mimi sina dawa.”

Akampa wiki tatu za kutoshika msasa kabisa. Akamwonya pia kuhusu mashine: yoyote inayotetemesha mkono ni sumu ileile katika chupa nyingine.

Fundi Dakika alisema atalainisha mwenyewe. Alilainisha wiki nzima, jasho linamtoka mpaka kwenye penseli. Mama Pamba akapitisha donge lake, na ubao ukabaki na manyoya utafikiri kuku amenyonyolewa pale. Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashikilia kuta. Yeye mwenyewe alicheka, halafu akakaa kwenye mkebe wa rangi akawa hacheki tena. Ndipo aliposema watanunua mashine ya maana, yenye nguvu kuliko zote zilizopo dukani. Kwake yeye, nguvu ndiyo ilikuwa dawa. Mashine yenye nguvu ingemaliza kazi ya siku kwa saa mbili, na mikono ikapumzika.

Mkewe aliwaza kinyume chake kabisa. Nguvu ndiyo iliyokuwa imemla vidole. Yeye alitaka mashine ndogo kuliko zote, iliyo nyepesi, itakayomgusa kidogo. Hawakugombana. Kila mmoja alimwacha mwenzake na wazo lake, wakaondoka asubuhi baada ya wiki tatu kwisha, baba amembeba mtoto begani, mama ana kikapu chenye kipande cha mbao ngumu, penseli, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Duka la mashine lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya grisi na maboksi mapya. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi mwenye upara na miwani minene, na wateja walimwita Mwalimu, ingawa chaki aliyowahi kuishika ni ya kupigia alama kwenye vyuma. Mashine za msasa zilipangwa rafu nzima, ndogo kama chungwa, kubwa kama mkate. Fundi Dakika alianza kuzisoma maboksi kwa sauti, wati mia mbili, wati mia tatu, wati mia nne, kama mtu anayepanda ngazi, mtoto akiitikia kwa mapovu.

Mwalimu alimwacha apande mpaka juu, halafu akauliza ni nani atakayeitumia. Fundi Dakika akajibu ni mkewe. Basi mzee akakigeuza kiti chake, akamwachia mwanamume mgongo, akamwomba mama aonyeshe mikono. Aliitazama kwa muda. Ncha za vidole zilikuwa zinang’aa, michoro yake yote imekwisha kulika na msasa.

Hakusema pole. Alichukua mashine moja, akaipindua sahani yake ya kubandikia msasa ikatazama juu, akaitia nukta moja ya chaki pembeni, akawasha kwa mwendo wa chini kabisa. Nukta ikawa duara jeupe. Kisha akaigusia sahani ncha ya penseli kidogo sana, na lile duara likaanza kufunguka, likawa linachora kitu kama ua, petali juu ya petali, na hakuna petali iliyolala juu ya nyingine. Akaeleza kwamba sahani ile ina safari mbili kwa wakati mmoja. Inajizungusha yenyewe, na papo hapo ekseli yake, kile chuma cha katikati, inatembea katika duara jingine. Kwa hiyo chembe ya msasa haipiti mara mbili pale ilipokwisha kupita, na ndiyo maana haiachi mikwaruzo.

Mama Pamba alikuwa ameinama mpaka pumzi yake inapeperusha chaki.

“Kama dunia,” alisema, karibu na kunong’ona. “Tulifundishwa. Inajizungusha kwenye mhimili wake, na inalizunguka jua.”

Mwalimu akazima mashine. Alisema ameziuza hizi miaka ishirini na sita, na wanaume wote waliopita pale humwuliza wati ngapi.

Kisha Mama Pamba akatoa karatasi yake, akaeleza anachotaka kufanya. Mjomba wake, kabla ya kumkubali kazini, alimwekea unywele mmoja chini ya karatasi, akamfumba macho kwa kitambaa, akamwambia autafute kwa vidole. Asiyeuona harudi kesho. Na leo alitaka kuushika ule unywele kabla ya kila mashine na baada yake. Mashine itakayomwachia unywele wake, hiyo ndiyo ataichukua. Itakayomnyang’anya, hata ikiwa ya dhahabu, ibaki hapohapo.

Mwalimu akapapasa upara wake. “Akili ni nywele, mwanangu, lakini kwangu usitafute. Duka la nywele lilifungwa zamani.”

Mama Pamba alingʼoa wake mwenyewe. Akafumba macho, Mwalimu akaulaza mezani na kuufunika kwa karatasi ili asijue ulipo, naye akapapasa. Ilichukua muda. Lakini wiki tatu za kupumzika hazikuwa za bure: akausikia, mwembamba kama wazo, akaufuata mpaka mwisho wake.

Akachukua ile ndogo. Aliipenda tangu ilipokuwa rafuni. Ilikaa kiganjani kama chungwa, nyepesi, ya rangi nzuri. Aliuchora ubao wake mistari ya penseli kila upande, ili aone mashine itafuta nini, akawasha. Kilikuwa kilio. Mashine ilipiga kelele kama mbu aliyeingia kwenye debe, ikarukaruka, ikabidi aishikilie kwa nguvu isimkimbie. Akahesabu mpaka mia tatu. Alipozima, mistari ya penseli ilikuwa imefifia tu.

Akafumba macho, Mwalimu akauhamisha unywele chini ya karatasi, naye akapapasa. Akaenda kulia, akarudi kushoto. Akaanza upya kwenye kona. Mumewe aliyekuwa akimbembeleza mtoto kwa kuyumbayumba, akaacha kuyumba. 

“Haupo,” alisema Mama Pamba. “Labda upepo umeuchukua.”

Mwalimu akafunua karatasi. Unywele ulikuwepo, katikati kabisa.

Mama Pamba alikaa kwenye boksi, mikono mapajani, na hakuna aliyemharakisha. Mwalimu akaleta chai. Akasema debe tupu ndilo linalovuma: mashine nyepesi haina mwili wa kuumeza mtetemo wake, kwa hiyo mtetemo wote unamezwa na wewe. Mama Pamba alikuwa bado na ile mashine ndogo kama chungwa moyoni, ikamwuma kuiachia.

Baada ya nusu saa vidole vilirudi, unywele ukapatikana. Mwalimu akateremsha ile kubwa, ya mwisho kwenye ngazi ya Fundi Dakika. Mama Pamba aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, na aliiogopa. Mumewe alikuwa anameremeta kama kwamba ndiye aliyeiunda, na angeishika mwenyewe, ila mtoto alikuwa amemlalia begani.

Akachora ubao upya, akawasha, na akafanya alichofanya maisha yake yote: bega likashuka, kiwiko kikashuka. Mashine ikaguna. Sahani ikakwama safari moja, ikabaki na ile nyingine tu, na kwenye mbao vikatokea vikwaruzo vilivyojikunja kama maranda. Mkono ukamwuma mpaka kwenye kifundo. Alizima haraka kuliko ile ya kwanza.

“Turudi nyumbani, baba watoto,” alisema bila kumtazama mtu. “Hivi vitu havikuumbiwa mimi.”

Fundi Dakika akamhamishia mtoto bega la pili. Aliyesema ni Mwalimu, na hakupandisha sauti.

“Unamsukuma mtu anayeijua njia, mwanangu. Mashine hii ina uzito wake, na nguvu zake zinaitosha. Ondoa bega. Ondoa kiwiko. Weka mkono kama unavyomwekea mtoto aliyelala, ili ajue tu kwamba upo.”

Mama Pamba akamtazama binti yake, shavu limebonyea kwenye bega la baba. Akawasha tena.

Haikuwa rahisi. Bega lake lilikuwa na miaka minane ya mjomba ndani yake, na kila baada ya pumzi mbili lilitaka kushuka, ikabidi alinyamazishe kama mtu anavyomnyamazisha mzee mwenye haki. Halafu likatii. Na pale lilipotii, sauti ya mashine ikabadilika, ikashuka kutoka kwenye kuguna ikawa mvumo wa chini, wa nyuki walioridhika, na ile mashine nzito ikaanza kuelea. Hakuna neno jingine. Ilielea juu ya ule ubao unaokunja misumari, yeye akiisindikiza tu. Mistari ya penseli ikaondoka kama maandishi kwenye ubao wa darasa. Vumbi halikupanda hewani. Lilivutwa kwenye matundu ya sahani likaingia kwenye mfuko wake nyuma, na mtoto aliyekuwa hatua sita kutoka pale hakupiga hata chafya. Chini ya sahani ikaanza kutokea ile barua. Alizoea kuingoja siku nzima, herufi baada ya herufi. Sasa ilikuwa inafunuka yote pamoja, mwaka baada ya mwaka wa mvua, na yeye akasahau kuhesabu. Machozi yalimlengalenga, akayaacha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mwalimu ndiye aliyehesabu. Alipofika mia tatu akampiga bega kidogo. Wakati anapapasa karatasi, mzee akamweleza mumewe kwa sauti ya chini kwamba ndani ya mashine ile mna chuma kizito kinachovuta upande wa pili kila sahani inapokwenda upande huu, kama watoto wawili wanavyosawazishana kwenye bembea ya ubao, na kwamba nguvu ikiwa na nafasi ya kutosha haina haja ya kutetemeka.

“Huu hapa,” alisema Mama Pamba.

Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. Kidole kilikuwa juu ya karatasi, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Mwalimu alifunua. Kidole kilikuwa juu ya unywele.

Njia nzima ya kurudi Fundi Dakika alibeba boksi upande mmoja na mtoto upande wa pili, akimkumbusha mkewe kwamba yeye alisema nguvu tangu mwanzo. Mkewe alimwachia ushindi wake. Kichwani alikuwa akirudia masharti ya Mwalimu: apumzike kila robo saa, na karatasi ya msasa ibadilishwe kabla haijazeeka, kwa sababu msasa mzee ndio unaomshawishi mtu kugandamiza.

Karakana ilijaa watazamaji siku ile ya kwanza. Kila fundi aliomba kujaribu, na kila fundi aligandamiza, na kila mmoja aliacha vile vikwaruzo vya kujikunja. Mama Pamba hakuwacheka. Aliwaendea kwa nyuma akawainua bega kwa vidole viwili, kama anayeokota vazi lililoanguka, mpaka mvumo ukabadilika na wao wenyewe wakashtuka. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alizima mashine akasimama anautazama ubao, akasema amekuwa seremala miaka thelathini na leo ndiyo anauona mti.

Vitanda vilivyobaki vilichukua wiki tano. Pamba haikunasa popote. Siku lori la hospitali lilipoondoka na cha ishirini na nne, ilikuwa mchana wa jua kali, na karakana ikabaki tupu ghafla, kubwa kuliko ilivyokuwa. Mama Pamba alinawa mikono, akaenda kumpokea mtoto kwa baba yake, akakaa naye kivulini, kiganja kimelala kichwani kwake bila kuwaza kitu.

Kitu kikamgonga kiganjani.

Kikamgonga tena. Hapo utosini, pale ambapo mfupa haujafunga, chini ya nywele laini, damu ya mtoto ilikuwa inapwita, taratibu, bila haraka, kama mtu aliye ndani ya nyumba yake anafanya kazi zake. Mama Pamba alikuwa anatazama mbali, barabarani, vumbi la lori. Hakuwa anamtazama mtoto hata kidogo.

Akamwita mumewe. Akamwambia aweke mkono hapa, asiseme kitu. Fundi Dakika akauweka ule mkono wake uliokomaa kwa randa na nyundo, akangoja, akakunja uso, akangoja tena. Akasema yeye hasikii kitu ila jasho.

“Basi niachie mapigo yake nikae nayo mwenyewe,” alisema mkewe, akauondoa mkono wa mumewe taratibu, akarudisha wake.